Mgeni Aliyetaka Likizo ya Kimya

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni, namsikiliza mwanamume mzima akilia.

Kwa aliyechelewa kunifuata: mimi ni Berta Valmond wa Soufrière, huku kusini mwa Dominica. Kazi yangu ni kuwapangia wageni likizo. Nawalaza kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, nawapandisha milimani kwa miguu yangu mwenyewe, na anayetaka kuzamia baharini namtafutia mzamiaji mwenye boti.

Akaniandikia binti mmoja wa Guadeloupe, Solène Bazile. Alitaka siku chache za kimya. Apande mlima, azamie, asiulizwe maswali. Sababu akanieleza mwenyewe: mama yake alikuwa mzamiaji wa kijiji changu hiki hiki, akafa maji yeye Solène angali mchanga. Mama huyo aliitwa Ione.

Kijiji hiki kina Ione mmoja tu. Watu wanamwita Kapteni mpaka wengine wamesahau jina lake. Ni shoga yangu tangu tukiwa watoto, na hajafa. Siku nilipopata ujumbe ule alikuwa ametoka kuazima sufuria yangu.

Mume wake, Gaston, alimchukua mtoto kwenda kumsalimia bibi yake Guadeloupe, wasirudi tena. Kapteni aliwafuata, akakuta nyumba imefungwa, majirani wakamwambia wamehamia Ufaransa; kumbe baadaye walirudi, yeye asijue. Alirudi na gauni la mtoto kwenye mkoba, lile alilokuwa amempelekea.

Solène alikuwa ameniachia namba ya baba yake, kama wageni wote wanavyoacha namba ya mtu wa kuitwa likitokea la kutokea. Nikampigia. Ndiye huyo aliyekuwa akilia.

"Nipe mpaka Jumamosi," Gaston akasema. "Nitapanda meli nije nimwambie mwenyewe. Akisikia kwa mtu mwingine, nimempoteza. Nakuomba, Berta."

Nikamwahidi.

Hapo ndipo nilipoishia. Leo naanza na jambo nililowaficha wiki iliyopita, kwa sababu niliona aibu.

Sikuahidi kwa ajili ya Gaston. Gaston angelia mpaka kesho nisingejali. Niliahidi kwa ajili yangu.

Mimi sikujaliwa mtoto. Nilipoona jina lile kwenye simu, nilitaka kumwona binti wa Kapteni kabla Kapteni hajamwona. Nilitaka kumpikia. Siku chache tu, nikajisemea, halafu nitamrudisha kwa mwenyewe. Kama vile mtoto ni sufuria.

Akaja Jumanne. Mrefu, mkimya, begi moja mgongoni. Nilipomfungulia mlango akanishika mikono yote miwili akasema, "Mama Berta, asante kwa kunipokea." Kwa siku nzima nilitembea nalo hilo "Mama" mdomoni kama pipi.

Jumatano tukapanda kwenda kwenye Ziwa Linalochemka. Njia ile si ya mchezo. Unapanda, unashuka, unavuka mto, unapanda tena, halafu unaingia bonde ambalo ardhi inatoa moshi na hewa inanuka mayai viza.

"Mama Berta, bado?"

"Bado kidogo."

"Umeanza kusema bado kidogo tangu kule mtoni."

"Na nitaendelea kusema. Ndicho ninacholipwa."

Akacheka. Mara akateleza kwenye jiwe, nikamdaka mkono. Tukashuka hivyo, mkono kwa mkono. Chini njia ikawa nzuri, tambarare kabisa, lakini hakuniachia. Nami sikumkumbusha.

Kwenye bonde nikachemsha mayai katika maji ya moto yanayotoka ardhini, kama tunavyowafanyia wageni wote. Tukala tumekaa juu ya mawe.

"Ulimfahamu mama yangu?" akauliza.

Nikaanza kumenya yai lingine.

"Nilimfahamu."

"Alikuwaje?"

Wasomaji wangu, pale palikuwa mahali pake. Tulikuwa wawili, hakuna wa kutusikia. Ningeweza kumwambia: mwanangu, maliza yai lako, tushuke, nikupeleke kwake. Kabla jua halijazama angekuwa kifuani mwa mama yake.

"Alikuwa mkali," nikasema. "Alikuwa akicheka anakaa chini, miguu haimshiki. Alikuwa hajui kupika hata kidogo. Alikuwa anapenda watu."

Alikuwa, alikuwa, alikuwa. Nilimzika shoga yangu kwa ulimi wangu, na muda ule ule yeye yuko ufukweni anapaka boti rangi.

Solène akafuta machozi kwa mkono wenye chumvi ya mayai, akaumia jicho, akacheka huku analia.

"Baba hataki kabisa kumtaja," akasema. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kunipa kitu chake."

Akaniegemea.

Nami nikamkumbatia. Mnihukumu mtakavyo.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuzamia. Nilikuwa nimejihadhari. Nilikuwa nimemtafuta mzamiaji wa kaskazini, mbali na kijiji chetu, ambaye Kapteni humwoni naye kwa miezi. Mpango wangu ulikuwa ampitie Solène asubuhi kwa boti yake, amzamishe, amrudishe, Kapteni asimwone hata kisogo.

Nikiwa nakaanga maandazi, nikasikia sauti uani.

"Berta! Una mgeni wa kuzamia, unamwita mtu wa kaskazini? Kwani mimi nimekufa?"

Mafuta yakaniruka mkononi. Sikusikia hata maumivu.

Kapteni alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake iliyochanika, anacheka. Mtu wa kaskazini, injini yake ilikuwa imekufa alfajiri. Badala ya kunipigia mimi, akampigia yeye amshikie nafasi.

"Bahari si nzuri leo," nikasema.

Kapteni akageuka akaitazama bahari. Ilikuwa shwari.

"Imelala kama mlevi wa Jumapili, wewe unasema si nzuri. Tangu lini unanifundisha bahari? Wewe maji yakikufika magotini unaita watakatifu wote kwa majina."

Solène akatoka chumbani. Nilikuwa nimesimama katikati yao, mwiko mkononi.

Nilimtazama Kapteni usoni. Nilitazama kama atashtuka. Hakushtuka. Alimwona mgeni kama wageni wengine.

"Ndiye huyu? Mrefu kama mlingoti. Umewahi kuzamia, binti?"

"Mara nyingi. Nimefundishwa kwetu."

"Safi. Sitaki wa kumshika mkono. Mimi naitwa Kapteni."

"Jina lako lenyewe nani?"

"Hilo nimeliacha kanisani nilipobatizwa. Twende, maji hayamngoji mtu anayekunywa chai."

Solène akarudi chumbani kuchukua vitu vyake. Alipotoka alikuwa na kitambaa amekifunga fundo. Ncha za maua mekundu zilichungulia. Yalikuwa maua ya uani kwangu. Alikuwa ameniomba ruhusa kuyachuma jana yake jioni, nami nikamshikia tawi.

Nikajua maua yale ni ya nani.

"Nakuja na ninyi," nikasema.

"Wewe? Kwenye boti?" Kapteni akacheka, akakaa chini kwenye ngazi, miguu haikumshika. "Berta, mara ya mwisho ulitapika kabla sijawasha injini. Baki hapa utupikie."

Solène alimtazama yule mwanamke aliyekaa kwenye ngazi anacheka. Alimtazama kidogo zaidi ya inavyopasa. Nikaona uso wake unataka kukumbuka kitu, mimi nikajitia kuulizia taulo.

Wakaondoka. Nikaiona boti inazunguka rasi.

Nilipika. Nilipika shelisheli, nilipika samaki wa chumvi, nilipika majani ya magimbi, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nilimpigia Gaston, hakupokea. Nikapiga tena na tena, hakupokea.

Saa ya chakula Solène akarudi peke yake, nywele zinachuruzika maji.

"Kapteni yuko wapi?" nikauliza.

"Amesema nitangulie. Ana kazi kwenye boti."

Kapteni huyu hajawahi kupitwa na chakula changu tangu tuanze kazi hii.

"Mlizungumza nini?"

"Kwenda alizungumza sana, ananitania, ananisimulia habari za kasa mmoja anayemjua kwa sura. Kurudi hakusema neno." Akajipakulia shelisheli. "Aliponifungua mtungi wa hewa mgongoni mikono yake ilikuwa inatetemeka. Ni mgonjwa?"

"Baridi," nikasema.

"Baridi? Jua lote hili?"

"Chini ya maji kuna baridi. Kula."

Nikamwacha anakula, nikateremka ufukweni.

Boti ilikuwa imevutwa mchangani. Kapteni amekaa ndani yake, bado amevaa nguo za kuzamia, kofia miguuni.

"Panda," akasema.

Nikapanda. Boti iko nchi kavu, lakini mimi nilijisikia kichefuchefu.

"Leo nimehudhuria mazishi yangu, Berta."

Nikakaa kwenye ubao mkabala naye.

"Tumetoka chini. Ameona kasa, ameona mapovu yanavyopanda kutoka kwenye matumbawe, ana furaha kama mtoto. Akaniambia, Kapteni, zima injini. Nikazima. Akafungua kitambaa, akatoa maua. Nikajua ana mtu wake. Wageni wengine huja na watu wao. Nikageuza uso nimpe nafasi. Akayaweka majini moja moja. Akasema, mama, nimekuja."

Akaiokota kofia miguuni, akaipakata.

"Nikamuuliza, kwa adabu tu, mama yako aliitwa nani tumwombee? Akasema, Ione. Alikuwa mzamiaji wa hapa, alizama hapa. Baba yangu anaitwa Gaston."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia Mungu amlaze mahali pema."

Alicheka, lakini safari hii hakukuwa na kicheko ndani yake.

"Ningesema nini? Mtoto ameshika ukingo wa boti analia, halafu nimwambie maiti ndiye huyu aliyeshika usukani? Ningemuua. Nikasema, Mungu amlaze mahali pema. Naye akasema, amina. Mwanangu amenisemea amina, Berta. Maua yananizunguka boti, hayataki hata kuondoka, na mimi naogopa kuwasha injini nisiyakate."

Alikuwa analia sasa, machozi yanashuka bila sauti.

"Nikamtazama miguu. Vidole vile ni vya mama yangu, kile cha pili kirefu kuliko kidole gumba. Na asubuhi nilimvalisha mapezi kwa mikono yangu, sikuviona. Nilikuwa namtania urefu wake. Mama gani haoni?"

"Usiseme hivyo."

"Nilikuwa nasema hata nikikutana naye sokoni Paris, kwenye watu elfu, nitamjua kwa harufu. Kumbe nilimkalisha kwenye boti yangu nikamwambia asiguse matumbawe."

Akajifuta uso kwa mkono wa nguo. Akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyempangia safari yake."

"Ndiyo."

"Alikuandikia."

"Ndiyo."

"Ukamtafuta mtu wa kaskazini."

Kapteni si mjinga. Tangu lini nimeacha kumpa shoga yangu wageni wangu? Sijawahi.

Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Berta. Nina ndugu gani mwingine mimi? Nilipotoka Guadeloupe na lile gauni, nani alilala nyumbani kwangu mpaka nikaweza kula? Niambie hukujua. Niambie tu hukujua, sitauliza tena."

Nataka mnielewe, ingawa sistahili. Hakuniuliza kama nilijua. Angeuliza hivyo labda ningesema kweli. Aliniomba. Aliniomba kama mtu anavyoomba maji.

"Sikujua," nikasema.

Na uongo ukishatoka haukubali kutembea peke yake. Nikaupa wenzake.

"Alisema anataka kupumzika. Kupanda mlima na kuzamia, basi. Mtu wa kaskazini ni kwa vile nilikuona una kazi ya rangi. Ningejuaje, Ione?"

Nilimwita Ione. Sijui kwa nini. Miaka mingi sijamwita hivyo.

Akaniwekea kichwa begani, akashusha pumzi ndefu.

"Nilijua wewe huwezi. Kuna dakika moja pale majini nilikuwazia vibaya. Mawazo machafu kabisa. Unisamehe, shoga yangu."

Ananiomba msamaha mimi.

Nikamwambia nimekusamehe. Ndiyo, nilisema hivyo. Midomo hii hii.

Tulikaa. Kuku akapita, akaingia chini ya boti, akatoka. Nilijaribu kutafuta njia ya kurudisha maneno, kila nikiufungua mdomo naona kichwa chake kimetulia begani kwangu, naufunga.

Mwishowe akainuka. Akavaa kofia, akaivua tena, akajaribu kulaza nywele kwa viganja.

"Nikoje?"

"Uko vizuri."

"Mwongo. Nanuka mafuta ya injini." Akatabasamu. "Twende. Nikisubiri kesho nitakufa kweli. Lakini uanze wewe kusema, mimi sauti itanikwama. Anakupenda, nimeona anavyokuita Mama. Mwambie taratibu. Mwambie kuna makosa yalitokea."

"Tusubiri mpaka Jumamosi," nikasema.

"Jumamosi kuna nini?"

Nikagundua nilichosema.

"Hakuna. Apumzike kwanza, nilimaanisha. Jana kapanda mlima, leo kazamia."

"Amepumzika maisha yake yote bila mimi," Kapteni akasema. "Yatosha."

Akanishika mkono, akaupitisha kwapani mwake, tukapanda njia ya kwenda kwangu kama tulivyokuwa tukienda shule. Alikuwa anatembea haraka. Mimi ndiye niliyekuwa navutwa. Akaanza kufanya mazoezi ya maneno: Solène, mimi... hapana. Mwanangu, unaona... hapana, Berta, nisimwite mwanangu kwanza, atashtuka, au unasemaje? Nikamwambia amwite jina lake. Nikampa na ushauri juu ya hilo.

Nilikuwa nimepanga. Katika kile kipande cha njia nilipanga kila kitu, maana kupanga ndiyo kazi yangu. Nitamwambia Solène, huyu ndiye mama yako. Watakumbatiana. Katika kilio kile hakuna atakayekumbuka kuniuliza nilijua lini. Gaston akija Jumamosi nitampigia kabla, nitamwambia asithubutu kunitaja. Kila mtu atapata chake, na mimi nitapika.

Tukakata kona ya mwisho.

Solène alikuwa amesimama barazani, amevaa viatu, begi lake limefungwa liko mlangoni. Simu iko mkononi. Hakuwa yule binti niliyemwacha anakula.

Kapteni akauminya mkono wangu kwa furaha na woga. Hakuona begi. Aliona mwanawe tu.

"Anza," akaninong'oneza. "Anza wewe."

Sikuwahi kuanza.

"Mama Berta," Solène akasema, "baba alipiga mara tu ulipoondoka. Alikuwa anashuka melini Roseau, anakuja huku kwa gari. Hajasubiri Jumamosi."

Nikauhisi mkono wa Kapteni unasita kwenye lile neno.

"Anasema aliposhuka aliona simu zako nyingi, akajua mambo yameharibika," Solène akaendelea. Sauti yake ilikuwa chini sana, ya mtu anayejizuia. "Nikamuuliza, unamjuaje Mama Berta? Akasema mmezungumza kabla sijafika. Akasema ulimwahidi kutoniambia mpaka aje. Nikamuuliza, kuniambia nini? Akakata simu."



Kisha Kapteni akautoa mkono wake kwapani mwangu. Hakuuvuta kwa hasira. Aliutoa polepole, kidole kwa kidole, kama mtu anayejinasua kwenye mwiba bila kuchana nguo.

"Kuniambia nini?" Solène akarudia. Akamtazama Kapteni, akanitazama mimi. "Na huyu analia nini?"

Chini barabarani gari likapiga honi kwenye kona, linapanda.

Nilimgeukia Kapteni. Nilitaka anisaidie. Baada ya yote yale, bado nilitaka yeye anisaidie mimi.

"Mjibu mtoto, Berta," akasema. "Mwambie umejua tangu lini. Nami nasikiliza."